Pauni Isiyo na Mkunjo

Baada ya sala ya alasiri, jua likishauacha ukuta wa kulia wa kichochoro, benchi la kahawa ya Umm Hanan, nyuma ya msikiti wa Bibi Zainab mjini Kairo, huwa na watu wanne, na wa tano hapati nafasi mpaka mmoja wao aondoke. Benchi lenyewe limeegemea duka la Ami Rizki, aitwaye Pasi, ambaye kwa miaka arobaini na mitano ameikanyaga kwa mguu, kwa mtindo wa zamani wa mji huo, pasi yake ya chuma juu ya kanzu na suruali za mtaa mzima. Kando yake hukaa Gamil Redio, fundi wa redio mstaafu, asiyekiri kwamba kuna jambo asilolijua. Kando ya Redio hukaa Shafik Mufti, aliyekuwa mkaguzi wa tiketi za tramu, ambaye hakusoma fikihi hata ukurasa mmoja, na bado hutoa fatwa juu ya kila kitu. Nafasi ya nne, ile yenye mwanga, ni ya Ustadhi Sidki, mwalimu wa hati za Kiarabu. Kwa wiki mbili ilikuwa tupu, kwa kuwa mwenyewe alikuwa hospitali akitolewa mtoto wa jicho.

Siku hiyo alirejea. Ndani ya msikiti alipokea kutoka kwa Pasi albamu yake ya noti za kale, aliyokuwa amemwachia kwa amana, na walipoketi benchini akaifungua. Pasi akainamisha uso kuficha tabasamu. Alikuwa amemwandalia rafiki yake zawadi, na sasa alingoja ionekane.

– Subhanallah! alisema Ustadhi Sidki. Sogeeni muone. Pauni yangu ya Tutankhamun, mikunjo yake iko wapi?

– Mikunjo gani? aliuliza Redio.

– Ilikunjwa mara nne, na mkunjo mmoja ukampitia mfalme shavuni. Miaka thelathini naiona hivyo. Kumbe mikunjo ilikuwa jichoni mwangu!

Hilo Pasi hakulitazamia. Jumanne iliyopita alikuwa ameifungua albamu, akaiona pauni ile imekunjamana kama leso ya mtoto, akaionea huruma. Aliifunika kwa kitambaa chenye unyevunyevu, akainyunyizia maji ya wanga kidogo, akaipigia pasi ya moto wa kadiri, kwa uangalifu autumiao kwa kola ya hakimu. Ulimi ulikuwa umeshajiandaa kusema “ni mimi”, lakini Mufti akamtangulia.

– Haya, na mkunjo kwani una hasara gani? Pauni si pauni?

– Mufti, hapo ndipo ilipo thamani yote. Picha ni zilezile: mfalme upande huu, msikiti upande wa pili. Sahihi ya gavana wa benki inakuonyesha miaka, namba inakuonyesha kama ilitoka mwanzo au mwisho. Lakini iliyokunjwa utaipata kwa kila mkusanyaji. Isiyokunjwa, mtu huizeekea akiitafuta.

– Si unampa tu Pasi akunyooshee? Huyu hapa, hana kazi.

– Astaghfirullah! Redio, noti iliyopigwa pasi ni maiti aliyetiwa wanja. Mikunjo ni umri wake wa haki. Mtu afanyaye hivyo, mimi hata kahawa sinywi naye.

Kikombe kikamwinamia Pasi mkononi, kahawa yote ikammwagikia magotini, wala hakuuhisi moto wake.

– We Pasi, alisema Mufti, umeanza kuvinywesha na vitambaa siku hizi?

Ustadhi Sidki hakuyasikia. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyepokea mgeni wa mbali.

– Kesho anakuja Bwana Tharwat kutoka Iskandaria. Anayo ile pauni yenye picha ya mkulima, ya kabla ya hii. Imechakaa kama kandambili, lakini nimemwomba miaka ishirini akanikatalia. Leo pale msikitini, mlipokuwa mkivaa viatu, nimechungulia albamu, nikampigia simu. Amekubali tubadilishane. Ana sharti moja tu, nimwapie kwamba pauni yangu haijakunjwa wala haijachezewa.

– Na utaapa? aliuliza Pasi kwa sauti ndogo.

– Nitaapa, nikiwa na udhu.

Benchi zima lilijua uzito wa neno hilo. Ustadhi Sidki alikuwa amekwisha kuiacha sehemu yake katika nyumba ya marehemu baba yake kwa sababu kadhi alimtaka kiapo juu ya mpaka ambao yeye hakuwa na yakini nao. Mtu huyo ndiye aliyetaka kuapa kesho, na aliyemtegea kiapo cha uongo ni rafiki yake, kwa mkono wa mapenzi.

– Usiape, Ustadhi, alisema Pasi.

– Kwa nini?

– Jicho... jicho bado bichi.

– Mwacheni aape! alisema Mufti. Mimi naijua habari ya noti kama hizi. Mwenye noti hii zamani alikuwa pasha, bwana mkubwa. Pasha hakunji noti, hukunjiwa na mtumishi. Na mtumishi wa pasha huyu alikuwa na mkono mmoja. Angekunjaje?

– Acha zako! Redio akadakia. Mikunjo ilikuwepo, ila imeondoka yenyewe. Karatasi ya noti ni pamba, na pamba ina kumbukumbu. Imekaa wiki mbili katika mvuke wa duka la Pasi, ikakumbuka ilivyozaliwa.

– Basi nawe ukalale humo wiki mbili, alisema Mufti, pengine tumbo lako litakumbuka.

– Cheka tu. Na pengine ni lenzi aliyotiwa jichoni. Lenzi hizi za Wajerumani humwonyesha mtu kitu kama kilivyokuwa siku kilipotengenezwa.

Ustadhi Sidki akamgeukia Mufti, akamtazama kwa makini kutoka paji hadi kidevu.

– Mbona huyu namwona na mikunjo yake yote?

Wakacheka mpaka Mufti mwenyewe akajipangusa machozi. Pasi peke yake hakucheka. Alikuwa akitafuta mahali pa kuingiza neno lake, na kila mara mahali hapo pakazibwa.

Ndipo akafika Bi Nirmin, aliyehamia kichochoroni mwezi uliopita, karani wa kuhesabu fedha katika benki. Alikuja kuchukua koti lake dukani, akaiona albamu, na Mufti akamdokezea kwamba pauni ile haijakunjwa wala haijachezewa.

– Asalamu alaikum, wazee wangu. Ustadhi, waweza kuniruhusu niiguse?

– Karibu, mwanangu. Polepole tu.

Bi Nirmin akapitisha kidole gumba juu ya shavu la mfalme, akarudia, kisha akakunja uso.

– Samahani, Ustadhi. Mimi sizijui hizi za kale, ila noti nazijua kwa kidole. Noti mpya wino wake husimama, hukwaruza. Hii kama haijachezewa, mbona wino wake umelala?

Mufti akamtazama Redio. Redio akatazama viatu vyake. Umm Hanan akapita na birika lililoinamishwa kichwa chini.

– Kahawa imekwisha, waheshimiwa.

Pasi akasimama.

– Ustadhi, jicho lako la zamani halikukosea.

Ustadhi Sidki hakuuliza maana yake. Aliisogeza pauni puani, akavuta pumzi, na harufu ya wanga ikamfikia. Akamgeukia Pasi.

– Kwa mguu au kwa mkono?

– Kwa mkono, Ustadhi. Upande wa pili pana msikiti. Mguu ningeuwekaje?

Ustadhi Sidki akairudisha pauni mahali pake, akafunga albamu, akatoa simu.

– Bwana Tharwat? Ile pauni ilikuwa na mikunjo, na sasa imepigwa pasi. Mkulima wako mwache nyumbani. Wewe njoo tu, tuzungumze.

– Nimekukosesha mkulima wa miaka ishirini, alisema Pasi, angali amesimama.

– Umenikosesha. Kaa.

Pasi akakaa. Ustadhi Sidki akatwaa kikombe chake, ambacho ndicho pekee kilichosalia na kitu kichochoroni, akamimina nusu yake katika kikombe kitupu cha Pasi.

– Kunywa, alisema. Nawe Mufti, nyamaza.