Bamia za Mzee Joto

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya baba yetu, fundi vioo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Joto.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1953, wa tatu kati ya watoto saba, akasoma shule ya msingi kuanzia 1961 hadi 1967, na kwa kuwa hesabu zilimpiga chenga, akaenda kwa mjomba wake kujifunza kukata vioo, kisha mwaka 1970 akaingia karakana ambayo hakuihama hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2008.

Tarehe 12 Agosti 1978 alimwoa mama yetu, mzaliwa wa sehemu za joto, akamleta huku kwenye baridi ya kung'ata mifupa, wakajaliwa watoto watatu, mimi nikiwa kifungua mimba. Mwaka wa kwanza wa ndoa mama alisema anatamani bamia za kwao, baba akamjibu, "Nitakupandia," na tangu siku hiyo hakupumzika, aliotesha mbegu kwenye makopo juu ya kabati la chumbani, akazifunika kwa blanketi ambalo mama alilitafuta hadi akachoka, akajenga nyumba ya vioo kwa madirisha mabovu ya karakana, na kila mwaka miche ilifika magotini ikafa kwa baridi, naye akalaumu mbegu. Sisi wanawe tulimcheka sana.

Mwaka 2019 alianza kuugua kifua, daktari akamkanya asikae kwenye baridi, lakini mwaka huu wa 2023 bamia zilitoa maua kwa mara ya kwanza, baba akawa hashikiki, akaniomba nizibe kila mwanya wa vile vioo, nami niliziba vizuri, nikajisifu. Asubuhi ya tarehe 9 Juni aliingia humo na jiko la mkaa ili maua yapate joto, akafunga mlango, na hewa ya mkaa ikamuua. Mianya ile niliiziba mimi, sina namna ya kulisema hilo vinginevyo. Vioo vilivunjwa ili atolewe, na kesho yake bamia zote zilikuwa zimeungua kwa baridi, hatukuchuma hata moja.

Tunawashukuru madaktari waliomtibu kifua, majirani ambao mikono yao bado ina bandeji, na mafundi wenzake waliobeba jeneza.

Mama hana nguvu za kusimama, ameniomba niseme kwamba hamu ya bamia ilimwisha kabla mimi sijazaliwa, alinyamaza tu kwa kuwa alimwona mumewe anafurahi.

Ulale salama, baba.