Maisha ya Msumeno, Aliyemwona Kwikwi Akikosa Pumzi

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, kwa niaba ya familia tunawashukuru kwa kufika, na kwa kuwa wengi wenu mlimjua dada yetu kwa jina la Msumeno tu, jina alilopewa kiwandani akalipenda kuliko la kuzaliwa, ndilo tutakalolitumia hapa, naye anayewasomea ni mdogo wake anayemfuata.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mshona nguo, alizaliwa kwa shida, miguu ikitangulia, na mama yetu alikuwa akisema kwamba tangu siku hiyo hakuwahi kuingia mahali kama watu wengine wanavyoingia. Alianza shule ya msingi mwaka 1976, akaimba katika kwaya ya shule hadi darasa la sita, ambapo mwalimu wa muziki alimcharaza fimbo mbele ya wenzake kwa kosa la kusema kwamba wimbo umeanzishwa juu mno, wadogo hawaufikii, naye akaidaka ile fimbo, akaivunja kwa goti, akafukuzwa kwaya papo hapo, lakini masikio yake hayakufukuzwa, yalibaki kazini mpaka mwisho.

Alipomaliza darasa la saba alifundishwa useremala na mjomba wetu, na mwaka 1987 akaajiriwa katika kiwanda cha samani, akaanza kwa kupiga msasa, akahamia mashine ya kuranda, hatimaye akawa msimamizi wa chumba cha mashine, mwanamke pekee humo, na mwaka 1990 msumeno wa mviringo ulipomkata ncha ya kidole, alikifunga kwa kitambaa, akamalizia mguu wa meza aliokuwa ameushika, ndipo akaenda hospitali. Wapo wanaosema jina lake lilitoka kwenye ajali hiyo, na wapo wanaosema lilitoka kwenye ulimi wake, na familia haijaona sababu ya kuwapatanisha.

Tarehe 8 Juni 1991 alifunga ndoa na dereva wa lori, mwanamume mcheshi barabarani na mwenye ngumi ndani ya nyumba, wakajaliwa watoto wawili, binti na mtoto wa kiume, na hapa familia imekubaliana kutoficha kitu, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuficha. Alipigwa kwa ngumi, kwa mkanda na kwa kiti, na mwaka 1996 mume yule alimwangusha jikoni akamkanyaga mpaka mbavu mbili za kushoto zikavunjika, kosa lake likiwa kumjibu mbele ya wageni, na kwa miezi mingi dada yetu alilala ameketi, akizungumza nusu sentensi, akipumzika, kisha nusu iliyobaki. Siku mume aliponyanyua mkono tena, alimkuta mkewe amepona, ameshika ubao wa kitanda, na mkono ule ulivunjika mahali pawili, mume akapakia nguo zake kwenye lori kwa mkono mmoja, akaondoka, wala hakurudi, wala hakuulizwa.

Watoto wakakua, wakaoa na kuolewa, na marehemu akabaki na furaha moja kubwa, mashindano ya kuimba ya televisheni kila Jumamosi jioni, ambapo nusu ya mtaa ilijazana sebuleni kwake, si kwa ajili ya waimbaji peke yao, bali kumsikiliza yeye akiwahukumu. Kijana mmoja mrefu wa koti la kung'aa alipofungua mdomo, marehemu alisema, "Huyo ameukaba wimbo koo, mwiteni polisi," na mama mmoja mshiriki aliyetokwa machozi kabla ya ala kuanza aliambiwa, "Imba kwanza, utalia ukimaliza," lakini kondakta mmoja wa basi, mshiriki naye, marehemu alimpenda sana, akasema sauti yake ina mifupa, na majaji walipompa alama ndogo, marehemu alirusha ndala ikapasua kona ya televisheni, nasi tukaitazama hivyo hivyo msimu mzima.

Aliyemchukia kuliko wote alikuwa msichana mwembamba wa magauni ya mikono mirefu, ambaye aliimba vizuri wiki mbili za kwanza, kisha akaanza kukata maneno katikati na kuvuta pumzi pasipo mahali pake, na marehemu akambatiza jina la Kwikwi, akapita kiwandani na mtaani akiwaambia watu wasimpe kura, hata mama yake mzazi asimpe, na akikosea alimzomea kwa sauti iliyofika barabarani.

Jumamosi ya wiki ya sita, kamera ilimchukua msichana yule kutoka ubavuni, akataka kuinua mkono wa kushoto kwenye kiitikio, mkono ukakwama usawa wa kifua, midomo ikampauka, akainama kidogo upande ule ule kama mtu anayesikiliza kitu kiunoni, na marehemu, aliyekuwa amesimama na ndala mkononi, akaketi. Binti yake akamwuliza, "Mama, mbona leo hutukani?" Akajibu, "Huyu hakosei. Huyu amevunjwa." Halafu, taratibu, huku ameshika ubavu wake mwenyewe, akatueleza kwamba kila wiki majaji wanapompa msichana alama ndogo, wiki inayofuata anarudi na pumzi fupi zaidi, kwa maana kuna mtu anamsubiri nyumbani na kumlipizia kila alama iliyopotea, akasema, "Na mimi wiki zote hizi nimekuwa nikimsaidia anayempiga."

Mkwe wake akacheka, akasema, "Mama, hayo ni mambo ya kwenye televisheni tu," naye akamgeukia, "Na mbavu zake nazo ni za kwenye televisheni?" kisha akainuka kutafuta simu yake. Alipiga simu kituo cha televisheni, akapokelewa na sauti tamu iliyomshukuru kwa maoni yake na kumwomba ayatume kwa ujumbe mfupi, akapiga tena, akashukuriwa tena, ndipo akageuza kampeni yake yote, akasimama juu ya benchi kiwandani akaagiza kila mwenye simu ampigie Kwikwi kura, wenzake wakamtania kwamba Msumeno umeanza kukata kinyumenyume, lakini walipiga, na msichana akapita wiki moja zaidi.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 4 Oktoba mwaka huu, marehemu hakukaa sebuleni, alikwenda ukumbini mwenyewe, akifuatana na fundi wa vanishi na dereva wa kiwanda, na usiku huo Kwikwi alitolewa mashindanoni, na watu walipokuwa wakimpigia makofi ya kumuaga, dada yetu alikuwa ameshatoka, anazunguka jengo kutafuta maegesho ya nyuma wanakotokea washiriki. Alimkuta mume wa msichana, aliyejiita pia meneja wake, amemshika nywele na anamgonga kichwa kwenye mlango wa gari, tena na tena, bila kupiga kelele, kama mtu anayefanya kazi yake ya kila siku, na damu ilikuwa imeshafika kwenye kioo. Marehemu akapaza sauti, "Mwache!" Yule akamjibu kwa adabu kabisa, "Mama, haya ni ya mke na mume, nenda nyumbani," naye dada yetu akamwambia, "Huko ndiko nilikotoka," akamvuta kwa kola, akampiga ngumi moja iliyomvunja pua.

Mwanamume yule alifungua buti, akatoa chuma cha jeki, akampiga marehemu begani, akampiga kichwani, akampiga kichwani tena, na alipoinua chuma kumgeukia mkewe, dada yetu aliyekuwa tayari amepiga magoti alijitupa juu ya msichana, pigo lile likamshukia mgongoni. Fundi wa vanishi alifika mbio akamrukia mpigaji, akapoteza meno mawili lakini hakumwachia, dereva akamkalia miguu, na walinzi wakamfunga mikono kwa mkanda wake mwenyewe mpaka polisi walipokuja.

Marehemu alipasuliwa kichwa usiku huo huo katika hospitali kuu, akazinduka baada ya siku kadhaa, na msichana, aliyelazwa wodi ya pili akiwa na mbavu tatu zilizovunjika, nyingine mpya na nyingine za zamani, aliletwa kwa kiti cha magurudumu kumwona mtu asiyemjua, na dada yetu ndiye aliyeanza, akamwambia, "Wimbo wako wa wiki ya pili ulikuwa mzuri sana. Baadaye nilikuonea." Msichana akacheka, kicheko kikamwuma, akashika ubavu, na marehemu akamwonyesha namna ya kukumbatia mto unapotaka kucheka au kukohoa, wakabaki hivyo, kila mmoja na mto wake, mpaka muuguzi alipowatenganisha. Alfajiri ya tarehe 19 Oktoba damu ilivuja tena ndani ya kichwa, madaktari wakahangaika, na dada yetu akafariki dunia, akiacha watoto wawili, wajukuu watatu na sisi wadogo zake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliolala sebuleni kwetu siku hizi zote, uongozi na wafanyakazi wa kiwanda waliomchongea jeneza hili kwa mikono yao, na fundi wa vanishi, ambaye alilipaka yeye mwenyewe akiwa bado ana nyuzi mdomoni. Aliyemuua yuko mikononi mwa sheria, na vijana tuliowasikia mkipanga kwenda kuichoma nyumba yake tunawasihi muiache, ndani yake anaishi mama mzee ambaye hajampiga mtu, na damu iliyomwagika inatosha.

La mwisho, msichana mnayemjua kwa televisheni yupo hapa, ameketi na binti wa marehemu, amekuja kama mfiwa, kwa hiyo tunaomba asipigwe picha, wala asiletewe kipaza sauti, na mtu yeyote asimwombe kuimba leo, wala kesho, mpaka atakapotaka mwenyewe.

Dada, umefanya sehemu yako, pumzika kwa amani, huyu tutamlinda sisi.