Ndoo Ataka Nafasi Kwenye Benchi

Pale Harlow Bend, mbele ya duka la chambo, kuna benchi la mbao linalotazama Mto Talsen, na kila asubuhi ya majira ya baridi wanaume watatu hukaa hapo wakinywa kahawa nyeusi na kudanganyana. Mvua ya pwani ya Oregon haiwatoi. Huvuta kofia chini wakaendelea. Benchi hilo lina sharti moja, limechongwa kwa kisu kwenye egemeo: hakai mtu mpaka apate samaki aitwaye stilihedi, tena ampate kutoka ukingoni, kwa miguu yake mwenyewe. Wa mashua hahesabiki. Na stilihedi ana maringo yake. Huzaliwa mtoni, akaenda kunenepa baharini, kisha akarudi kwao wakati wa baridi, na mtu anaweza kumrushia ndoana mara elfu asimtazame. Ndiyo maana Verna Quillan, mwanamke wa miaka sitini na moja aliyeendesha basi la shule la mji huo mpaka akastaafu, alikuwa msimu wa tatu sasa anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya benchi. Walimwita Ndoo, naye akaitika.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho wa Machi. Jua likizama, mto unafungwa kwa wavuvi mpaka baridi nyingine. Na Ndoo alikuwa amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe: alisema mbele ya wote watatu kwamba msimu wa tatu ukiisha mikono mitupu, fimbo ya kuvulia anaigawa na kijiweni hakanyagi tena. Aliyasema kwa hasira, mwezi Januari, walipomcheka. Sasa alijuta, maana nyumbani kwake asubuhi zilikuwa ndefu na hapa angalau kulikuwa na watu wa kubishana nao. Lakini neno alikwisha kulitoa, na Ndoo si mtu wa kulamba matapishi yake.

— Jana kitu kilinikimbia miguuni, alisema, akipasha vidole moto kwenye kikombe. — Ndiyo kwanza naingiza buti, hata goti halijalowa, kitu cheusi kikachomoka chini ya unyayo kikaelekea katikati. Kirefu hivi.

— Fisi maji huyo, alisema Kengele.

Kengele jina lake ni Dell Pruitt. Hufunga kengele ndogo kwenye ncha ya fimbo, akaichomeka fimbo ukingoni, kisha akaenda kulala garini akisubiri iite.

— Fisi maji nawajua, Dell. Huyu alikuwa samaki.

— Mama, stilihedi hakai kwenye maji ya kuoshea miguu, alisema Profesa. — Yuko katikati, kwenye kina. Ndiyo maana watu tunaingia mpaka mapajani na kurusha mbali.

Profesa ni Lyle Haugen, aliyenoa misumeno kiwandani miaka thelathini na ambaye hajawahi kusema sijui. Akaendelea kwamba mvua ilikatika juzi, kwa hiyo leo ni siku ya tatu, na wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Samaki ni mgeni mtoni. Leo ataanza kazi.

Kengele alikubali jembe, ila akasema tatizo ni sabuni. Samaki huyu ananusa sabuni kutoka bahari kuu. Yeye hajanawa mikono kwa sabuni tangu Februari.

— Tunajua, alisema Gavana, akisogea kidogo.

Gavana ni Emmett Sorley. Aliwahi kugombea udiwani akashindwa kwa kura kumi na moja, na tangu hapo haamini hesabu ya mtu. Alisema sabuni si kitu, samaki wanashika sura. Ukimkosa mmoja, anawaambia wenzake uko hivi, una masharubu hivi. Ndiyo maana yeye siku hizi anaupa mto mgongo na kurusha kwa juu ya bega. Na asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, aliongeza, maana stilihedi mama yake humwacha kwenye kokoto akiwa yai, angetoa wapi adabu?

Profesa alisema hata gari wanalitambua kwa mlio, yeye huliacha kanisani akatembea. Hapo kahawa ikamiminwa tena. Jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni kwamba mwaka huo kati ya hao watatu hakuna aliyepata hata mmoja, na stilihedi wa mwisho wa Kengele alipatikana wakati Ndoo bado anaendesha basi.

Ndoo aliwasikiliza huku akiutazama mto. Maji yalikuwa yamejaa, yameanza kushuka, yamepata ile rangi ya kijani cha chupa ambayo wavuvi wote huipenda. Katikati mkondo ulikuwa unabeba magogo. Kando kabisa, chini ya nyasi, maji yalikuwa yanatembea taratibu, upana wa hatua tatu hivi. Akajiuliza, kama yeye ndiye anayepanda mto huu na tumbo limejaa mayai, angepita wapi? Miaka thelathini aliendesha basi kwenye barafu, na anajua barabara mbaya ikoje. Angepita kando, penye utulivu.

Basi kumbe ndivyo. Yeye na hawa wote huingia mtoni, wakasimama katikati ya barabara ya samaki, kisha wakayauliza magogo samaki yuko wapi. Aliweka kikombe chini, akachukua fimbo, akashuka bila kuaga.

— Umeisahau suruali ya mpira, alisema Profesa.

— Sihitaji.

Kutoka juu walimwona akisimama kwenye nyasi, hatua tano kabla ya maji, kisha akapiga magoti kama mtu anayetafuta hereni. Alitundika mayai mekundu ya samaki kwenye ndoana, akarusha karibu sana, karibu mno, mpaka Gavana akamwagikiwa na kahawa kwa kucheka. Alisema leo Ndoo anavua majani.

— Mwacheni, mtaka cha uvunguni sharti ainame, alisema Kengele, na wote wakacheka tena, maana alikuwa amekusudia kejeli.

Ndoo aliwasikia. Masikio yalipata moto, goti la kulia likamuuma, na mara mbili alitaka kuinuka aingie majini kama watu wengine. Hakuinuka. Aliacha risasi ndogo inayozamisha mshipi igongegonge kokoto, akasogea hatua moja chini, akarusha tena pale pale kando. Akasogea tena. Kwenye kichaka cha mwisho kabla ya daraja, risasi ikaacha kugonga. Alidhani imenasa. Akainua fimbo, na kilichonasa kikaondoka.

Mshipi ulilia. Samaki aliruka juu, mweupe ubavuni, akaangukia mkondoni na kuteremka na mto, na Ndoo akamfuata mbio kwenye nyasi na goti lake bovu, mwanamke ambaye alikuwa hajakimbia tangu alipostaafu. Benchini hakubaki mtu. Waliteremka wote watatu na vikombe vyao mkononi, kila mmoja na ushauri wake. Kengele alisema kaza, Profesa akasema legeza, Gavana akamsihi afiche uso.

— Kaeni chini, alisema Ndoo bila kugeuka. — Wote. Na midomo mfunge.

Ilikuwa sauti ya basi la shule. Wazee watatu walikaa kwenye nyasi mbichi, magoti pamoja.

Alipambana naye, akamvuta, akampa mshipi, akamvuta tena, mpaka samaki akachoka na kulala ubavu kwenye maji mafupi. Hapo ndipo Ndoo alipoingia mtoni kwa mara ya kwanza siku hiyo, akapiga magoti na kumshika kwa mikono miwili. Urefu wake ulitoka kiwikoni ukapita mbali ncha za vidole. Akapapasa mgongo karibu na mkia. Wale wa kufugwa hukatwa pezi dogo la hapo wakingali wadogo, na hao ndio huliwa. Pezi la huyu lilikuwa zima. Ni wa mtoni, na kisheria wa mtoni hatolewi majini hata kidogo.

— Zima? aliuliza Profesa kutoka kwenye nyasi.

— Zima.

— Pole, mama.

— Pole ya nini? alisema Ndoo. — Nimempata.

Alimgeuza kichwa kuuelekea mkondo, akamshikilia mpaka mkia ukapata nguvu, akafungua mikono. Samaki alipita kando, chini ya nyasi zile zile, akapotea. Ndoo alibaki amepiga magoti, maji yakimwingia kwenye suruali, akalia na kucheka kwa pamoja, na hakuona haya. Furaha kama hiyo hakuwa ameijua kwa miaka mingi.

Walipopanda juu, Kengele ndiye aliyesogea kwanza. Gavana akasogea naye. Profesa alifuta mbao kwa kofia yake.

— Kaa, Verna.

Akakaa. Kengele akammiminia kahawa ya mwisho.

Ndipo gari dogo likasimama, akashuka kijana wa mjini mwenye fimbo mpya yenye karatasi ya bei bado. Alivaa suruali ya mpira iliyofika kifuani. Akawasalimu kwa heshima.

— Samahani wazee, sijawahi kuvua hapa. Nikishuka pale, nisimame wapi?

Profesa alikamua maji ya kofia yake. Kengele alichungulia kikombe chake kitupu. Gavana alitazama daraja. Miaka mia na ushee ya mto ilikaa kwenye benchi hilo, yote ikamgeukia Ndoo.

— Kwenye nyasi, alisema Ndoo. — Hatua tano kabla ya maji. Na upige magoti, umrushie karibu.

Kijana alishukuru, akaanza kuteremka. Profesa alitazama saa, akatazama jua, akasema ana jambo dogo kanisani, kwenye gari. Kengele akakumbuka jambo lake. Gavana alikwishaanza kukimbia. Baada ya muda mfupi ukingo wa Talsen ulikuwa na wanaume wanne waliopiga magoti kwenye nyasi, na juu, mbele ya duka, Verna Quillan akanyoosha miguu yake iliyolowa, peke yake, kwenye benchi zima.