Nilisali Vizuri, Wakasema Najifanya

Tumsifu Yesu Kristo, nyie mliozoea kuitikia. Na wazazi wetu Waislamu, asalaam aleikum. Haya, nimesikia wengine mmeitikia zote mbili. Safi kabisa, ndiyo shule yetu ilivyo.

Sista Mkuu aliponiambia kwamba sikukuu ya mtakatifu somo wa shule mwaka huu nitatoa ushuhuda, nilimwambia ukweli: Sista, mie siongei haraka tena, watu watasinzia. Akanijibu, "Wacha wasinzie, wakiamka watakukuta bado unaendelea." Mmemsikia mkubwa wenu. Majina sitataja. Wahusika wengine wamo humu humu, wamekaa mbele kabisa, na pilau linakuja, sitaki mtu apaliwe.

Kwa wageni, mie ni mwalimu wa darasa la kwanza. Miaka yote kazi yangu hapa imekuwa kuwafundisha watoto kusoma, na wapo niliowafundisha ambao leo wamekaa hapo na watoto wao. Tena Jumatatu asubuhi mstarini mie ndiye niliyekuwa nasoma habari za shule: timu gani imefungwa, darasa gani limefagia vizuri, padri anakuja lini kuungamisha, mwenzetu gani kafiwa. Nilikuwaga na sauti, jamani! Kipaza sauti nilikuwa nakisogeza pembeni. Wauza maandazi wa ng'ambo ya barabara walikuwa wanajua darasa la tano vyoo vyao vichafu.

Sasa Jumapili moja asubuhi, najiandaa kwenda misa, nampigia pasi shati mume wangu. Pasi ikaniponyoka. Nikataka kuiinua, mkono ukakataa. Mume wangu ni fundi samani pale Keko, ni mtu wa kelele kidogo, akapiga kelele, "Wewe, shati linaungua!" Nikataka kumwambia mkono umekufa ganzi. Ikatoka sauti tu, haina neno ndani yake. Akanitazama usoni akaona mdomo umekwenda upande. Akaliacha shati linafuka moshi, akatoka mbio na singlendi kutafuta bajaji.

Kiharusi. Nililazwa, nikatibiwa, nikaruhusiwa. Mguu ulirudi taratibu, mkono ukarudi nusu. Maneno hayakurudi. Lilibaki moja tu, nalo ni "kesho". Msiniulize kwa nini hilo, hata daktari hajui. Utakunywa chai? Kesho. Wapi panauma? Kesho. Nikikasirika nasema kesho kwa ukali, nikifurahi nasema kesho kwa kicheko.

Ndugu zangu, nawaambia, akili ilikuwepo. Nilikuwa najua kabisa ninachotaka kusema. Nakiona hiki hapa. Nikifungua mdomo, kesho. Mume wangu akaniletea kalamu na karatasi, akasema basi andika. Nikaishika kwa mkono wa kushoto. Nikaziangalia herufi alizoniandikia za mfano, mie mwalimu wa kusoma, sikuitambua hata moja. Niliitupa ile kalamu ukutani. Siku hiyo nililia kuliko siku niliyomzika mama yangu.

Sisi Wakatoliki mnatujua. Ukiumwa, jumuiya haikuachi upumue. Jumamosi alfajiri wakahamia kwangu, mikeka yao, rozari zao, wakajaa sebuleni mpaka kwenye korido. Wakaanza Salamu Maria. Na mie nikaitikia. Si kwa kumung'unya maneno, hapana. Sehemu yangu yote, neno kwa neno, mpaka amina. Nilishtuka mwenyewe! Mama mmoja akapiga kigelegele, "Muujiza! Mwalimu amefunguliwa!" Walipomaliza wakanizunguka, mmoja kanishika bega, mwingine kanishika mikono. "Haya mwalimu, sema kitu, mshukuru Mungu."

Nikafungua mdomo. "Kesho."

Wakaniachia mikono. Halafu mtu mmoja akaguna.

Jumamosi iliyofuata ikawa hivyohivyo. Nasali vizuri, nikiulizwa hali naishia kwenye kesho. Basi ishu ikaanza hapo. Mwalimu anajifanya. Amechoka na watoto wa watu, anataka kukaa nyumbani. Mbona kwenye rozari anaongea? Na hayo sikuyapata kwa umbea wa mbali. Waliyasema mlangoni kwangu wakivaa viatu, maana watu wanadhani asiyeongea pia hasikii.

Nikaona dawa ni kunyamaza. Jumamosi ya tatu nikaziba mdomo, sikuitikia hata amina. Mnajua walisema nini? "Eeh, ameshtukiwa, ameacha." Yaani ukisali kosa, ukinyamaza kosa.

Mume wangu alivumilia maneno ya watu, lakini yalimwingia. Siku moja tunakula, akaweka tonge chini. Akasema taratibu, na yeye si mtu wa taratibu, "Mke wangu, niambie mie tu. Sitamwambia mtu yeyote. Kama umechoka na kazi sema, sitakulaumu." Angenigombeza ningevumilia. Ule upole wake ndio ulionimaliza. Nilisukuma sahani nikaenda kulala na njaa.

Maneno yakafika mpaka shuleni. Na shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa, darasa la kwanza halina mtu, walimu wenzangu walikuwa wamelishika kwa zamu mpaka kufunga na wamechoka. Sista ana haki ya kujua. Akaja nyumbani na watu wawili wa kamati ya wazazi. Mmoja baba wa makamo, mwenzetu wa jumuiya. Wa pili ni mama mmoja Mwislamu, Mzaramo, mwenyeji wa huku Gongo la Mboto tangu kuna mikorosho, watoto wake wote wamepita kwenye mikono yangu.

Wakakaa. Sista akasema, "Mwalimu, sijaja kukuhukumu. Nataka jambo moja tu kutoka kinywani mwako. Unataka kurudi darasani, au nitafute mwalimu mwingine?"

Jamani! Neno lenyewe ni "nataka". Mtoto wa miaka miwili analisema akiona biskuti. Darasa lile ndiyo maisha yangu, bila watoto wale mie ni nani? Nililitafuta neno lile mpaka jasho likanitoka. Mume wangu ananitazama, midomo yake inacheza, ananisaidia kulisukuma.

"Kesho," nikasema.

"Kesho unarudi, au kesho ndiyo utanijibu?"

"Kesho."

Yule baba akakohoa, akaangalia dari. Sista akashusha pumzi. Akasimama, akasema basi, tusali tumwachie Mungu, tuondoke. Wakafumba macho wakaanza Baba Yetu. Mie nikabana meno. Nawaambia nilibana, na mkono wangu mzima nikauweka mdomoni, maana nilijua ikitoka nimekwisha. Lakini Baba Yetu nimeisali tangu niko mtoto kule Masasi, hainiombi ruhusa. Ikatoka. Ikatoka na ile sauti ya mstarini. Nikawasikia wenzangu wanapungua, mmoja kaacha, wa pili kaacha, mwishowe nimebaki peke yangu na nimemaliza peke yangu.

Sista akafumbua macho. Akasema, "Mwalimu, kumbe."

Nimetukanwa maishani, nimesingiziwa, lakini hakuna kilichoniuma kama hiyo kumbe. Alichukua mkoba wake. Yule baba alishafika mlangoni.

Sasa nisikilizeni hapa. Yule mama Mwislamu hakuwa amesali na sisi. Alikaa zake kimya kwa heshima, mikono magotini. Kwa hiyo chumba kizima macho yaliyokuwa wazi ni ya kwake tu. Wenzake wamesimama, yeye hakunyanyuka. Akasema, "Sista, subiri kwanza. Nyie mlikuwa mmefumba macho, mie nilikuwa namwangalia huyu. Alikuwa anajiziba mdomo. Anajiziba na machozi yanamtoka. Mtu anayejifanya bubu atasali kwa sauti mbele ya mkubwa wake wa kazi ili iweje?"

Sista akageuka, mkoba mkononi.

Yule mama akaendelea, "Marehemu baba yangu alipatwa na kiharusi. Akiwa na kiu alikuwa anasema 'mlango'. Akitaka kujifunika, 'mlango'. Sisi tunakwenda kufungua mlango, tunafunga mlango. Lakini umuanzishie Alhamdu, anaisoma mwanzo mpaka mwisho, herufi haikosei. Kaka zangu wakasema mzee anatutesa makusudi. Tukawa tunamgombeza. Amekufa tunamgombeza, Sista." Hapo akaanza kulia, mama wa watu, kwa sauti. "Mie sitaki kuliona tena jambo hilo."

Mume wangu akatoka nje uani. Nilimsikia anapenga kamasi huko. Sista akarudi, hakukaa kwenye kiti, alikaa chini sakafuni na vazi lake jeupe, akanishika ule mkono mbovu. "Nisamehe, mwalimu." Nikamwambia kesho. Tukacheka wote, hata yule baba wa mlangoni akacheka, na kicheko changu kilikuwa na kwikwi ndani yake.

Wiki hiyohiyo Sista akanipeleka hospitali kubwa kwa mtaalamu wa kurudisha usemi. Kijana mdogo, hakushangaa hata kidogo. Akatueleza kwamba sala ulizokariri utotoni na nyimbo hazikai sehemu moja na maneno unayotunga mwenyewe. Kiharusi kimebomoa chumba kimoja, cha jirani kimesimama. Basi pitia huko, akasema. Unachotaka kusema, kiimbe.

Nikaanza kuimba, ndugu zangu. Naataaka chai, naataaka chai. Mume wangu alikuwa ananianzishia, na ile sauti yake Mungu anaijua, hata kwaya walimkataa. Wenzake Keko wakamkuta anapiga randa huku anaimba "nataka uji", wakadhani amerogwa. Yule mama akawa anakuja kila alasiri. Yeye nyimbo zetu hazijui, akanifundisha kwa mahadhi ya kaswida. Basi nyumbani kwangu chai nikawa naiomba kwa wimbo wa Noeli, chumvi naiomba kwa kaswida, na vyote vinaletwa.

Shule ilipofunguliwa, Sista akanirudisha darasa la kwanza. Si kufundisha. Kusoma! Dawati la nyuma, magoti yamefika kidevuni, mwalimu kijana anaonyesha herufi ubaoni, sie tunaitikia. Ba, be, bi, bo, bu. Watoto hawana huruma jamani. "Mwalimu, hiyo siyo da, ni ba! Mbona jana tuliisoma?" Wakiniona nimepata wananipigia makofi, nikikosa wananicheka. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusema najifanya. Kwao wao mtu kutojua kusoma ni jambo la kawaida, hata wao wenyewe hawajui. Wakati wa mapumziko wananigawia mihogo yao.

Siku moja mwalimu wetu katoka kidogo, huku mbele wawili wamekamatana wanagombania rula. Nikasikia mtu anasema kwa ukali, "Kaeni chini!" Wakakaa, darasa zima kimya. Nikageuka kumtafuta aliyesema. Alikuwa mie! Tena sikuimba. Watoto walipogundua wakapanda juu ya madawati wanashangilia, ikabidi niseme tena, "Kaeni chini!" Hapo nikajua nimerudi kazini.

Haikuwa mwisho wa shida, nisiwadanganye. Maneno yalirudi moja moja, mengine mpaka leo hayajarudi, nayazunguka. Ila kuelekea kufunga muhula, Sista akanipa kipaza sauti mstarini. Safari hii nilikihitaji. Nikasoma habari: mashindano ya kwaya, usafi, misa ya kufunga. Nikafika mwisho, "Wanafunzi wote, Ijumaa tunafunga shule kwa ajili ya..." Likaniruka. Nalijua, silipati. Na shule nzima inalijua, hakuna neno watoto wanalipenda kuliko hilo! Nikawaangalia, limewajaa mdomoni. Hakuna aliyelisema. Chekechea wanarukaruka kwa kujizuia, wakubwa wameuma midomo, walimu wameinamisha vichwa. Walinisubiri juani, wote.

"Likizo," nikasema.

Kelele za siku ile zilifika Pugu, nadhani. Sikujua wanashangilia likizo au wananishangilia mie, na sikuuliza.

Namshukuru Mungu aliyeniachia hata hiyo kesho. Namshukuru mume wangu, na shati nimemnunulia lingine. Namshukuru Sista, maana mkubwa anayekaa sakafuni kuomba msamaha si wengi tumemwona. Nawashukuru darasa la kwanza kwa mihogo. Na wale wa mlangoni, mliokuwa mnavaa viatu, mlikuja baadaye mkafua nguo zangu na kunipikia. Yamekwisha, tena sana.

Ninaloomba mbebe nyumbani ni hili. Kama kwenu kuna mgonjwa, mzee, mtoto, anayeshindwa kukujibu, usikimbilie kusema anafanya makusudi. Muangalie. Kaa naye umuangalie vizuri usoni, kabla hujamsema mlangoni kwake. Mtaalamu akuambie, sawa, lakini kwanza muangalie wewe.

Na yule mama, mnamwona pale, anajifunika na mtandio. Baba yake sikumjua. Alikuwa na kiu akawa anasema mlango, na hakuna aliyemwelewa mpaka anakufa. Kwa sababu yake mie nimeeleweka. Naomba tusimame wote kidogo tumwombee yule mzee, kila mtu kwa sala anayoijua.