Kilo za Mwezini

Benchi letu liko Roret, mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, pale barabara ya kwenda kituo cha kupimia majani ya chai inapoachana na lami. Ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, na upande wa kushoto umelegea, kwa hivyo anayekaa huko ni lazima awe mwepesi au mvumilivu. Hapo tunakunywa kahawa. Wageni hutucheka, kwamba tuko katikati ya mashamba ya chai halafu tunakunywa kahawa, lakini mtu aliyeinamia chai tangu alfajiri hana hamu ya kuiona tena kikombeni. Onchiri huja na birika lake la makaa saa nne, na kuanzia hapo mpaka birika likauke, nchi hii huongozwa kutoka benchi letu.

Alhamisi hiyo nilikuwa na gambuti ya Dorcus mapajani. Dorcus ana nusu ekari ya chai kwenye mteremko nyuma ya kanisa. Mwezi wa tatu mvua ya mawe ilimpiga ikamwachia vijiti vitupu, na haya yaliyokuwa shambani sasa, mwezi wa sita, ndiyo majani yake ya kwanza tangu siku ile. Lori la kiwanda lilikuwa linakuja jioni, na baada ya hapo halingerudi mpaka Jumatatu. Majani yakikaa bila kuchumwa siku nne yanakomaa na karani wa kituo anayakataa. Asubuhi Dorcus aliniletea gambuti iliyopasuka kisigino, akasema ataipitia saa sita kwa sababu kule chini kuna matope na siafu. Nikamwambia saa tano na nusu itakuwa tayari. Ahadi hiyo niliitoa mbele ya mashahidi.

Shida ni redio. Ilikuwa wiki ya bajeti, na mtangazaji alikuwa amewauliza wasikilizaji kama serikali ingefaa kutoa pesa kupeleka Mkenya anga za juu, hata kama bajeti yenyewe haitoshi. Sijui kama kuna mtu serikalini aliyekuwa na wazo hilo. Sisi tulilichukua kama limeshapitishwa.

Wa kwanza kusimama alikuwa Kipngeno, tunayemwita Waziri. Hajawahi kuchaguliwa hata katika kamati ya maji, ila hutembea na gazeti chini ya kwapa na huongea polepole.

— Mimi nasema hapana. Bajeti iko na shimo. Mtu ako ndani ya shimo anatafuta mwezi ya nini?

— Waziri, cheki hivi, akasema Phelix. Ukingoja mpaka pesa itoshe, hata hiyo gazeti hungenunua.

— Hii nilipewa.

— Si ndio nasema.

Phelix hutengeneza simu kwenye kibanda cha pili. Babu yake alikuja kutoka upande wa ziwa kufanya kazi kwenye mashamba ya kampuni, na wao wamekuwa watu wa hapa tangu hapo. Tunamwita Enjinia. Alitueleza kwamba Kenya iko kwenye ikweta, na kwamba roketi ikiondokea ikweta inasukumwa na dunia yenyewe bila malipo, kwa hivyo tuna mali ambayo tumeilalia tu. Alisema Waitaliano walilijua hilo zamani wakaja kurushia zao kule Malindi. Waziri akauliza hao Waitaliano barabara zao zina mashimo mangapi.

Onchiri alikuwa anamimina. Yeye husema kidogo, maana akiongea kahawa inapoa.

— Mimi sina neno, alisema. Wapeleke watu. Hata niko na majina. Wa kwanza ni yule alituahidi daraja.

— Lakini watu wa anga wanarudi, Onchiri, akasema Phelix.

— Hapo ndio sitakubali. Kodi yangu ni ya kwenda tu.

Tulicheka, na mimi nikaacha sindano ili nicheke vizuri. Ilikuwa saa tano. Gambuti ilikuwa na mishono minne.

Basi Waziri akaona amepitwa, akakunja gazeti na kutuletea jambo zito zaidi. Alisema amefikiri, na sasa amejua kwa nini serikali inataka kwenda huko wakati haina pesa. Inataka kupeleka deni.

— Peleka deni mwezini? nikauliza.

— Vitabu, fundi. Vitabu ya hesabu. Mkaguzi akikuja anaambiwa vitabu ziko huko juu. Atafika aje? Ataandika tu, sikuona. Na hiyo ndio hesabu imefungwa.

Onchiri alisema hilo lina maana. Phelix alisema halina, kisha akasema hata kama lina maana, hiyo ni hasara ndogo ukilinganisha na faida, na faida yenyewe alikuwa ameiweka mpaka mwisho. Aliweka kikombe chini.

— Chai, akasema.

— Chai gani?

— Tunapanda chai huko. Sikizeni. Mwezini hakuna mvua. Kama hakuna mvua, mawe itatoka wapi? Halafu jua inawaka wiki mbili mzima bila kuzima. Unachuma mchana, unachuma usiku, maanake usiku hakuna.

— Na maji?

— Unabeba.

Waziri alikuwa amepinga jambo hili tangu saa nne, lakini nilimwona akisogea mbele kidogo kwenye benchi.

— Na bonasi ya kiwanda, akauliza, inakuwa aje?

— Bonasi, buda, ni mara mbili. Wewe ndiye mkulima peke yako.

Kila mtu akaanza kulima shamba lake la mwezini. Mimi langu nililiweka mahali tambarare, kwa sababu ya mgongo. Nadhani tungekubaliana hapo na kumtumia mtangazaji ujumbe, lakini Onchiri alikuwa anafuta vikombe na kufikiri.

— Kuna kitu binti yangu alinisomea kwa kitabu ya shule, akasema. Kitu ya kilo sita hapa kwetu, huko mwezini inapima kilo moja.

— Nani anapima? akauliza Waziri.

— Mzani yenyewe. Huko vitu ni nyepesi.

Waziri alimgeukia Phelix. Phelix alikuwa anajikuna shingo.

— Ni ukweli, Enjinia?

— Ni ukweli, lakini…

— Kwa hivyo nikibeba kilo thelathini, karani anaandika tano.

— Na bado anakata kilo ya maji, akasema Onchiri.

— Na ya gunia, nikasema mimi.

Waziri alisimama, akatazama njia ya kwenda kituo cha majani, akakaa tena. Alisema sasa mambo yote yako wazi. Wakubwa walikuwa wameshatafuta dunia nzima mahali ambapo kilo ya mkulima inapungua bila mtu kugusa mzani, na wamepapata. Phelix alijaribu kueleza kwamba ungetumia mzani wa aina nyingine, lakini hakuna mtu hapa Roret anayeweza kuamini mzani wa aina nyingine.

Wakati huo wote, upande ule wa ubao uliolegea, alikuwa amekaa Mzee Oyugi. Ana karibu miaka themanini na sikio moja halisikii. Alikuja kijana kutoka upande wa ziwa, akaandikwa kazi kwenye shamba la kampuni, na amekuwa akituambia siku zote kwamba kazi yake ya kwanza haikuwa kuchuma chai bali kurusha roketi. Tulimpa jina la Roketi kwa kumcheka, na analiitikia.

— Sisi tulikuwa tunarusha kila siku, alisema.

— Jaduong', mlifika mwezi? Phelix akamuuliza, akimwita mzee kwa Kijaluo kwa heshima ya uongo.

— Tulifika wingu.

Alisimulia tena, ile ile. Walikuwa vijana wanne. Kulikuwa na chuma kilichosimamishwa kilimani. Wingu jeusi likija mchana, mzungu wa kampuni analiangalia, anasema moto, wanawasha, roketi inapanda inapasuka ndani ya wingu, ili mawe yawe maji kabla hayajaanguka kwenye chai. Siku moja roketi ikakataa kupanda ikapasuka hapo chini, na ndiyo maana mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Phelix alinikonyeza. Sisi tunajua vidole vile viliishia kwenye mashine ya kukata nyasi. Hakuna aliyetuambia hivyo. Tuliamua.

Dorcus alifika saa saba kasoro. Alikuwa amevaa ndara, na kikapu kimefungwa mgongoni, tupu. Aliwasalimu wazee kwanza, kisha akanigeukia.

— Fundi, gambuti iko tayari?

Swali lenyewe lilikuwa hilo tu. Niliangalia mapajani. Mishono ilikuwa minne, na sindano imesimama mahali ilipokuwa saa tano. Waziri alifungua gazeti. Onchiri akaanza kupuliza makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri.

Dorcus hakugomba. Aliangalia juu, na sisi tukaangalia. Kwa karibu masaa matatu tulikuwa tumeongea habari za mbinguni na hakuna hata mmoja wetu aliyeinua kichwa. Kule juu ya misitu lilikuwa limesimama wingu, jeusi chini na jeupe juu, na upepo ulikuwa umekufa.

— Mzee, akamwambia Oyugi, kwa sauti ya kusikika. Wewe unasemanga ulikuwa unapiga mawingu. Hiyo ni ya mawe ama ni ya maji tu?

Phelix alianza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Oyugi alilitazama lile wingu muda mrefu.

— Sijui, mama.

— Si ndio ilikuwa kazi yako?

— Sisi tulikuwa tunapiga yote. Ikikosa mawe, mzungu anasema tumeweza. Ikikuja mawe, anasema tumechelewa. Hatukuwahi jua.

Kwa mara ya kwanza niliamini ile hadithi, maana mwongo angelimaliza lile wingu kwa mkono mmoja.

Dorcus alifunga kamba ya kikapu upya. Alisema lori linakuja saa kumi na moja, na kwa mikono yake miwili atapata kama robo ya shamba kabla ya wingu kufika. Kisha akatutazama kwenye benchi mmoja baada ya mwingine.

— Hapa kuna watu watano, akasema. Nani anakuja kuchuma?

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotubana. Waziri alisema mgongo. Phelix alisema kuna mteja anakuja kuchukua simu. Onchiri alisema birika haliwezi kuachwa na moto. Mimi nilinyanyua gambuti nikamwonyesha, kwamba mimi nina kazi yake hapa hapa. Niliona aibu nikiinyanyua, lakini niliinyanyua.

Oyugi alishika ukingo wa ubao akainuka. Upande ule ukapanda, na Waziri karibu aanguke.

— Mkono moja ni mbovu, alimwambia Dorcus. Lakini majani mbili na kichipukizi, hiyo vidole tatu zinatosha.

Waliondoka, Dorcus na ndara zake, mzee na viatu vyake vya kanisani. Kikombe cha mzee kilibaki kwenye ubao, nusu. Phelix alijaribu kuturudisha mwezini, akasema kitu kuhusu nyumba za kioo, lakini hata yeye hakuongea mpaka mwisho. Nilishona. Nilishona haraka kuliko siku yoyote, na nilipokata uzi na kusimama, jiwe la kwanza liligonga bati.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Mawe yalianguka kwa dakika kumi hivi, makubwa kama njegere, na kelele za bati zilikuwa nyingi mpaka tukawa tunatazamana tu chini ya veranda. Gambuti nilikuwa nimeikumbatia. Yalipokwisha, barabara ilikuwa nyeupe, na harufu ya majani yaliyopasuka ilikuja kutoka pande zote.

Kesho yake Oyugi alikuja saa nne kama kawaida. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai na viatu vyake vimekwisha. Waziri alihamia upande uliolegea bila kuambiwa. Onchiri alimmiminia. Phelix aliweka bisibisi yake chini, akamuuliza, na safari hii hakunikonyeza.

— Jaduong', hizo roketi ziliokoa chai ngapi?

Mzee aligeuza lile sikio zuri, akafikiri, akanywa kwanza.

— Sijui. Miaka mbili, na sijui. Lakini jana ni kilo kumi na tisa. Karani alipima nikiona.

Alivua viatu, akanikabidhi. Nikaweka kila kitu kando nikaanza navyo.