Nguo Alizotuwekea Shangazi

Marehemu shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Pindo, alizaliwa tarehe 11 Machi 1949, kitinda mimba wa seremala na mkulima wa mboga. Kaka zake watatu wote wamemtangulia, akiwemo baba yangu.

Alisoma hadi darasa la sita. Mwaka 1963 baba yake aliumia mgongo kazini, masomo yakaishia hapo. Alirudi nyumbani na daftari la hesabu, ambamo baadaye alichora vipimo vya nguo.

Mwaka 1968 aliajiriwa katika chumba cha ushonaji cha hospitali. Kwa miaka thelathini na sita alishona mashuka, mapazia na gauni za wagonjwa. Wauguzi ndio waliompa jina la Bi Pindo, kwa kuwa shuka lenye pindo la kombokombo alilifumua. "Mgonjwa hana kazi nyingine ila kulitazama," alisema.

Hapo ndipo fundi redio mmoja alipoleta suruali ipunguzwe. Aliirudisha mara tatu, kila mara na kasoro mpya. Mara ya nne shangazi akamwambia, "Suruali haina neno. Mwenye suruali ndiye ana shida." Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1974. Hawakujaliwa mtoto, na mumewe alifariki mwaka 1983.

Mama yetu alipofariki mwaka 1986, baba alikuwa akifanya kazi mbali. Alituleta kwa shangazi, kaka yangu akiwa na miaka mitano, mimi miwili. Shangazi alitushonea kila kitu kwa mabaki ya vitambaa vya hospitali. Nilipofika miaka kumi na mitatu nilimrudishia gauni la kitambaa cha pazia.

"Shangazi, wenzangu wananiita Dirisha."

Akalikunja taratibu. "Haya, mwanangu. Tutanunua la dukani."

Nilidhani hakunishonea tena tangu siku ile.

Kaka alihamia ng'ambo, nami niliolewa mwaka 2009. Shangazi akabaki peke yake kwenye vyumba viwili. Tulimpigia simu tukikumbuka, na kila mara alijibu, "Mimi mzima, nyie je?" Tukaridhika.

Februari 2023 miguu ilianza kuvimba. Moyo ulikuwa umechoka. Alilazwa tarehe 20 Aprili. Wiki moja baadaye alinituma nyumbani kwake nikamchukulie gauni la kulalia. "Sanduku la kahawia, siyo jeusi." Nikafungua jeusi.

Mlikuwa na kaptura ya kaka, sweta langu lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na meno yetu ya utoto ndani ya kiberiti. Kila nguo ilikuwa na kikaratasi kilichobanwa kwa pini: "Alianza shule." "Alipona surua." Chini kabisa palikuwa na gauni jeupe la mtu mzima: "Harusi yake." Siku ya harusi yangu alikuja na sufuria za dukani.

Nilimpelekea lile jeupe wodini. "Shangazi, mbona hukunipa?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Ungelivaa kwa kunionea huruma."

Nililivaa pale pale, nyuma ya pazia la kitanda. Lilinibana. Akanipapasa begani. "Umenenepa, au nilikosea vipimo?"

"Ni miaka kumi na minne, Shangazi."

"Mingi," akasema, akageukia ukutani.

Alifariki siku mbili baadaye, tarehe 29 Aprili, saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa bado njiani.

Ameacha mtoto wa kiume wa kaka yake, ambaye hakuweza kufika. Mtoto wa kike wa kaka yake, anayewasomea maneno haya. Wajukuu wanne, wawili kati yao hawakuwahi kumwona. Na jirani yake, mama muuza mkaa, aliyemgongea mlango kila asubuhi kumjulia hali wakati sisi hatukuwepo.

Shangazi, tulichelewa. Pumzika kwa amani, usitusubiri tena.