Julienne Nabintu, Aliyeambiwa na Daktari Ahamie Juu

Mchungaji, wazee wa jumuiya yetu ya Wakongomani, majirani wa bondeni na ninyi mlioshuka kutoka mlimani, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mama yetu, Julienne Nabintu, na tunaomba mtuvumilie hadi mwisho, kwa sababu jana wazee walitusihi tuandike kwamba aliugua kwa muda mfupi, kama ilivyo desturi, ili wenye nyumba wasije wakatufukuza sote, nasi tuliwasikiliza kwa heshima, tukakataa, maana muda ule haukuwa mfupi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979, Kadutu, mjini Bukavu, kwenye mteremko ambao nyumba zimeung'ang'ania kama kupe, na mwenyewe alipenda kusema kwamba mtoto wa mlimani huyajua maji kwa kuyaona yakipita. Alianza shule ya msingi hapo hapo Kadutu mwaka 1985, akasomea ualimu kwa masista, akapata diploma mwaka 1998, akafundisha darasa la kwanza Bukavu na baadaye Goma, ambako watoto walimwogopa kwa jicho na kumpenda kwa sauti, kwa kuwa kila hesabu aliigeuza wimbo.

Tarehe 26 Julai 2003 alifunga ndoa na baba yetu, Anselme Cirhuza, fundi redio, wakajaliwa Estelle mwaka 2005 na Bienfait mwaka 2008, wote Goma, na kitinda mimba Princesse, aliyezaliwa hapa Kampala mwaka 2016. Vita vilipoingia Goma Novemba 2012 walivuka mpaka wa Bunagana kwa miguu, wakafika Kampala mwezi uliofuata, na kwa kuwa huku diploma yake haikumfaa kitu alijitwika vitenge kichwani, akazunguka navyo Bukoto na Ntinda, hadi mwaka 2017 alipopata cherehani na kibaraza Wandegeya, akawa anawashonea wanafunzi nguo za mahafali huku akiwatania, "Mtihani umepasi, mwanangu, lakini hiki kiuno kimefeli, hebu simama wima."

Familia ilipanga chumba bondeni, chini ya Bukoto, kando ya mtaro, si kwa kupenda, ila kwa kuwa huko ndiko Mkongomani haulizwi maswali mengi. Mvua za mwisho wa mwaka 2019 hazikuwa mvua tulizozizoea, zile zenye miezi yake na adabu zake, zilishuka kama zimetumwa, mtaro ukafurika, maji yakaingia ndani na kutoka, yakaacha ukutani ukungu mweusi ambao hakuna sabuni iliyouweza, na Januari 2020 kifua cha mama kikaanza kupiga filimbi. Daktari alimwandikia dawa ya kuvuta, akaweka kalamu chini, akamwambia, "Mama Estelle, hiyo nyumba ndiyo inayokuua, hamia juu."

Tangu siku hiyo alitafuta chumba juu, kila kiangazi, kila mvua, na kule Ntinda mama mmoja alimwonyesha chumba kizuri chenye madirisha mawili, akamsifia na kitenge, mpaka aliposikia lafudhi yake, akaurudisha ufunguo mfukoni, "Nyinyi Wakongo mnajazana, mnaimba usiku kucha, na huyo samaki wenu wa chumvi ananuka mpaka barabarani," naye mama yetu akamjibu bila kupandisha sauti, "Dada, kuimba sina pumzi tena, samaki nitaacha, wewe nipe hewa tu." Hakupewa. Jioni hiyo alituambia neno ambalo hatutalisahau, kwamba mvua haimwulizi mtu kitambulisho, anayeuliza ni mwenye nyumba.

Januari mwaka huu rafiki yake Zuleika, Mnubi aliyezaliwa hapa Kampala, ambaye babu wa babu yake aliletwa kutoka Sudani na jeshi la wakoloni na bado yeye huulizwa ametoka wapi, alisema, "Julienne, mimi angalau nimezoea kuulizwa," akaenda akapanga chumba Bukoto ya juu kwa jina lake, mama akahamia humo pamoja na baba na sisi watoto, na mwezi wote wa Februari dawa yake ilikaa mkobani bila kuguswa, akaanza tena hata kuimba, na kuimba huko ndiko kulikomfichua. Mwenye nyumba alisimama mlangoni, akasema, "Mimi nilimpangisha Mnubi, sikupangisha Kongo," Zuleika akamrudishia, "Juzi Mnubi ndiye alikuwa mgeni, leo amekuwa mwenyeji?" lakini mwisho wa Machi godoro lilishushwa, likarudi kando ya mtaro.

Tarehe 23 Aprili, alasiri, maji yaliingia tena mpaka kwenye magoti, mama akainua kwanza cherehani aliyokuwa ameileta nyumbani, kisha Princesse, na tangu hapo akalala kwenye unyevu kwa kuwa hapakuwa na pengine. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 2 Mei 2025, mtaro ukiwa umefurika tena, pumzi ilimbana, bodaboda haikuweza kupita, majirani wakambeba mabegani katika maji hadi barabara kuu, akafika hospitali akiwa hai, na saa nne akafariki.

Wapo watakaosema mvua ni ya Mungu, nasi tunakubali, lakini Mungu hapangishi vyumba, na kama hali ya hewa imeharibika kwa moshi wa dunia, basi mama yetu, ambaye hakumiliki hata baiskeli, moshi wake ulikuwa wa jiko moja la makaa, na bado yeye ndiye aliyelipa kwa mapafu.

Tunamshukuru daktari aliyesema ukweli mapema, wauguzi waliopigania pumzi yake, majirani waliolowa hadi kifuani wakiwa wamembeba, mafundi wenzake wa Wandegeya waliomalizia nguo za wateja wake, na Zuleika, ambaye kwetu sasa ni mama mdogo.

Tena tunamshukuru mwenye nyumba wa Bukoto ya juu, ambaye tumemwona ameketi safu ya nne, kwa kufika kutupa pole, na kwa kuwa amefika, tunamweleza mbele yenu kwamba Princesse ana kifua kama cha mama yake, kwamba daktari ametoa agizo lile lile, na kwamba kile chumba tumekipita leo asubuhi tukakikuta bado kitupu.

Pumzika kwa amani, Mama Estelle. Na wewe mzee wetu wa safu ya nne, ibada ikiisha, sisi na Princesse tutakuwa hapo mlangoni, tukisubiri neno lako.